Ving'ora vimezidi Arusha, zimamoto apite wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila nyumba ikiungua hapa Arusha, iwe Ngarenaro, iwe Sombetini au Unga Limited, maneno yanakuwa yaleyale mawili, zimamoto wamechelewa na zimamoto wamekuja hawana maji. Jioni utayasikia kijiweni, usiku yako kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na video ya mama wa watu analia, baada ya siku mbili yamesahaulika mpaka moto mwingine. Mimi ni dereva wa hiace na pia nafuatilia mambo ya zimamoto, polisi na uokoaji kuliko hata ninavyofuatilia Simba na Yanga, tupo wengi wa hivyo hapa mjini na tukikutana tunabishana mpaka chai inapoa. Ninachokiona mimi nikiwa kwenye usukani ni kwamba dakika nyingi za huko kuchelewa zinapotelea barabarani mbele ya macho yetu, na zinapotea kwa sababu king'ora siku hizi hakimshtui mtu.

Hebu simama asubuhi pale Mianzini au mzunguko wa Impala usikilize. Kitapita king'ora, utageuka ukidhani ni ambulensi, kumbe ni gari binafsi vioo giza, mwenyewe anawahi ofisini. Kitapita kingine ni msafara wa harusi, kingine gari la msiba, kingine ni boda kafunga kale kaking'ora ka mchina kanakolia sauti tano tofauti na nyuma kapakia abiria na gunia la vitunguu. Vimulimuli vya bluu na vyekundu vinauzwa maduka ya spea, hela yako tu, hakuna anayekuuliza wewe ni nani na unavitaka vya nini. Sasa dereva anasikia ving'ora kutwa nzima na karibu vyote ni vya watu wenye haraka zao binafsi, siku kikija cha kweli atajuaje? Hawezi kujua. Ataangalia kwanza kwenye saitimira ni nani, akiona ni lile gari jekundu ndiyo aanze kutafuta pa kujibana, na muda huo gari lishafika mgongoni kwake, kushoto kuna bajaji, kulia kuna toyo ya miguu mitatu imepakia mchanga, hapo ndiyo basi tena wote tunaganda.

Najua polisi wa usalama barabarani wametangaza zaidi ya mara moja kwamba wenye magari binafsi wavitoe ving'ora na vimulimuli, na wapo waliokamatwa wakavuliwa palepale barabarani, nilifurahi sana kuona zile picha. Lakini oparesheni inakuja wiki mbili, inaisha, na mambo yanarudi palepale, kwa sababu anayekamatwa zaidi ni mtu mdogo, kijana wa boda au dereva wa kosta. Lile gari kubwa linalopita kwa kasi na kimulimuli kwenye show, ile grili ya mbele, trafiki wengi wanalipigia saluti kabla hawajajua ndani kuna nani, siwalaumu sana hao trafiki maana nao wana familia na wanaogopa kuhamishwa, ila ukweli ndiyo huo na bila kuugusa huo tutakuwa tunazunguka.

Niliona kwa macho yangu Barabara ya Sokoine, saa ile ya jioni watu wanatoka kazini, ambulensi imetokea upande wa Mbauda inakuja mjini na king'ora juu. Mbele yake kulikuwa na gari binafsi nalo lina king'ora, nalo linapiga, watu wakaona kama ni msafara mmoja, wakapisha la kwanza wakarudi barabarani haraka kuwahi nafasi zao, ambulensi ikabaki imezibwa. Dereva wa ambulensi anapiga honi, muuguzi katoa mkono dirishani anaomba, na mimi niko upande wa pili naelekea Majengo siwezi kufanya kitu. Kulikuwa na mtu mle ndani. Mpaka leo najiuliza alifika au hakufika, na yule wa gari la mbele sidhani kama anajua alichofanya siku ile.

Wale wanaosema madereva wa daladala hatuna utu na ndiyo maana hatupishi, nawaomba wasikilize na upande huu. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973 na gari la dharura linatakiwa kupishwa, hilo hakuna dereva mwenye leseni asiyelijua. Kinachotokea ni kwamba ukipanda ukingo ili upishe, au ukisimama pasipokuwa na kituo, mbele unakutana na trafiki anakuandikia, ukimwambia nilikuwa napisha zimamoto anakwambia zimamoto yuko wapi mbona simuoni, na kweli ameshapita. Hela ya faini ni sawa na hela ninayompelekea bosi mwenye gari kwa siku nzima. Kwa hiyo dereva anapiga mahesabu kichwani wakati king'ora kinalia nyuma, na mahesabu hayo ndiyo yanakula sekunde. Ningeomba RTO wetu, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa, alitamke hadharani, redioni, stendi, popote, kwamba dereva aliyesogea kupisha gari la dharura hataandikiwa kosa la kusimama vibaya. Tamko moja tu la namna hiyo lingebadilisha mengi kuliko semina.

Halafu kuna hawa wanaopisha zimamoto kisha wanajiunga nyuma yake ili wapenye foleni. Hii tabia ni mbaya mno na inazidi. Gari la zimamoto lenye lita 10,000 limebeba tani 10 za maji peke yake, hujahesabu chuma, pampu, ngazi na watu, na maji yale yanacheza ndani ya tenki, gari la namna hiyo halikati kona ghafla na halisimami ghafla. Ukimkatia mbele ukidhani atakukwepa, hawezi. Na ukimfuata nyuma kwa karibu, akifunga breki kwa ajili ya mtoto aliyevuka unaingia chini yake, sasa zimamoto anatoka kwenda kuokoa nyumba Ngarenaro anaanza kukuokoa wewe pale sokoni Kilombero.

Kupisha kwenyewe ni jambo jepesi tukikubaliana wote tufanye namna moja. Ukisikia, washa indiketa ya kushoto, sogea kushoto kabisa, simama. Basi. Usisimame kwenye makutano, vuka kwanza ndiyo usimame, maana ukisimama katikati ya makutano umeziba njia zote nne kwa mpigo. Kwenye ile barabara ya njia nne ya Sakina mpaka Tengeru iache tupu njia ya kulia, na wale wa boda mnaopita katikati ya magari muelewe kwamba magari yakisogea kupisha ile nafasi iliyofunguka katikati haikufunguliwa kwa ajili yenu. Konda nao wana kazi yao hapa, konda akisikia king'ora asishushe wala asipakie, mlango ufungwe, nimeona mama na mtoto wanashushwa upande wa barabara wakati zimamoto anakuja, nikafumba macho.

Sasa hili la maji. Nimebishana na watu wengi sana kuhusu hili na naomba nilieleze taratibu kwa sababu linawaumiza askari wa zimamoto bure. Gari likija na lita 5,000, wakafungua mipira miwili na kila mmoja unamwaga lita 500 kwa dakika, hiyo ni lita 1,000 kila dakika, maana yake dakika 5 tenki limekauka. Dakika 5! Hata lile la lita 10,000 ni dakika 10 tu. Watu wanaona maji yameisha wanasema wamekuja na tenki tupu, wakati wamelimwaga lote mbele ya macho yao, na moto haukusubiri, ulishashika paa nusu saa kabla hawajafika. Pale mtaani kwetu nyumba ya vyumba vya kupanga iliwaka, gari lilipofika lilikwama kwenye kona kwa sababu ya kibanda cha chipsi na toyo iliyopakiwa na mwenyewe kaenda na ufunguo, wakavuta mpira kwa miguu kutoka barabarani, wakapiga maji mpaka yakaisha, likaondoka kwenda kujaza. Hapo ndiyo fujo ikaanza. Vijana wakazomea, mmoja akaokota jiwe, mzee wa mtaa akasimama mbele yake ndiyo akaliacha. Na wale askari walikuwa wamelowa, mmoja anakohoa moshi, wameacha wake zao nyumbani kama sisi, wanatukanwa matusi ya nguoni kwa kosa la maji kuisha. Iliniuma sana.

Swali la kuuliza siku ile lilikuwa maji ya kujazia yako umbali gani. Hapo ndiyo lawama ingekaa mahali pake. Yale mabomba ya kuchotea maji ya zimamoto, wenyewe wanayaita haidranti, yapo sehemu kadhaa za mji, lakini mengine nimeyaona yamezungukwa na meza za biashara, mengine yamefukiwa barabara ilipotengenezwa, na mitaa iliyokua juzi juzi huko pembeni unaweza kutembea mpaka miguu iume hujaona hata moja. Jiji na mamlaka ya maji wakae na zimamoto waipitie ramani hii upya, wayapake rangi, waweke alama inayoonekana usiku, na mtu akiweka meza juu yake aondolewe siku hiyohiyo bila kusubiri barua. Mama zangu wa Kilombero na wa soko kuu najua mtanichukia kwa hili, mnatafuta riziki na mimi ndiyo nawabeba alfajiri na matenga yenu, lakini soko likiwaka bidhaa zinazoungua ni zenu wenyewe. Kariakoo ilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 kila mtu aliona jinsi soko linavyoteketea pamoja na mitaji ya watu, na lawama zilizofuata zilikuwa hizihizi.

Kuna wazee kijiweni kwetu wanasema enzi za faya, yaani zimamoto, ya manispaa mambo yalikuwa mazuri, kwamba tangu sheria ya mwaka 2007 iunde Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kuliweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, mji umepokonywa gari lake. Wengine wanajibu kwamba enzi hizo halmashauri ilikuwa inashindwa hata kununua matairi. Mimi huu mjadala nauona mrefu kuliko faida yake. Gari liwe la jiji au la jeshi litapita Sokoine ileile, kwenye foleni ileile. Hao hao wazee wakihamia kwenye suala la cheti cha ukaguzi, kwamba zimamoto wanaonekana dukani siku ya kulipia tu, hapo nawaunga mkono kidogo, mkaguzi akija apande mpaka juu, aangalie mlango wa dharura kama umefungwa kwa kufuli, aangalie nyaya zilizounganishwa na vishoka, wale mafundi umeme wasio na kibali, mtungi wa kuzimia moto kama una presha, asiishie kaunta kuangalia risiti ya mwaka jana.

Na sisi wananchi tunapiga simu tumechelewa. Namba ya zimamoto ni 114, ya polisi ni 112, zote bure. Lakini moto ukitokea mtu anampigia kwanza shemeji yake aliye Njiro, halafu mwenye nyumba, halafu anarekodi video, 114 inakuja mwisho kabisa, wakati sofa la sponji likishashika chumba kizima kinakuwa moto ndani ya dakika chache tu. Akipiga anasema njooni Kwa Mrombo kunaungua. Kwa Mrombo ipi ndugu yangu? Mwaka 2022 kabla ya sensa ilipita oparesheni ya anwani za makazi, vibao vya mitaa vikawekwa na nyumba zikapewa namba, ni watu wangapi wanaijua namba ya nyumba wanayolala? Iandike nyuma ya mlango, mfundishe na dada wa kazi na watoto. Kama huijui sema jina la shule, kanisa au msikiti ulio karibu, kisha mtume boda akasimame barabara kubwa na taa zimewaka awaongoze, vijana wa boda wanaijua kila korongo ya mji huu na hapo ndipo msaada wao ni mkubwa kuliko kusimama na simu mkononi. Na wale wanaopiga 114 kutania, kuna watoto wanafanya hivyo na wazazi wanacheka, jeshi lenyewe limelalamikia jambo hili mara nyingi, kila simu ya utani inashikilia laini ambayo mtu mwingine anaihitaji muda huohuo.

Gesi nayo imeingia karibu kila nyumba, na ni jambo jema, serikali imeweka lengo kwamba mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ila nyumba zetu za kupanga mtungi unakaa chumba kimoja na kitanda, na watu hawajaambiwa kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe taa wala usizime, fungua mlango na madirisha, funga mtungi kama unaufikia, toa watu nje. Sufuria ya mafuta ikiwaka usimwagie maji, izime jiko na ifunike.

Kuna hoja moja napenda kuijibu kwa sababu inarudiwa sana na wenzangu tunaofuatilia haya mambo. Wanasema uokoaji wa nchi hii ni wananchi wenyewe, zimamoto wanakuja kuhesabu hasara. Wanatoa mfano wa ile ndege iliyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43, wakafa 19, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, yule kijana Majaliwa Jackson akafungua mlango kwa kasia na baadaye Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni kweli kabisa, na heshima yake ni yake. Hata hapa kwetu, Aprili 2024 gari la wanafunzi liliposombwa na mafuriko, walioingia kwenye maji kwanza ni majirani. Lakini aliye karibu kuwahi ni kawaida, hakuna zimamoto duniani anayekaa nje ya kila nyumba. Jirani anawahi kwa ndoo na mikono, zimamoto anakuja na pampu, kamba, mashine ya kukata chuma na oksijeni, na mtu aliyebanwa kwenye vyuma vya gari hatolewi kwa ndoo. Tarehe 24 Februari 2024 pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori liliposhindwa breki likayagonga magari mengine, watu 25 walikufa. Kila nikipita pale nawaza, ambulensi ikitoka Ngaramtoni kuja hospitali ya Mount Meru ni lazima ikatize Sakina na Mianzini, sasa ikifika Mianzini saa kumi na moja jioni inakutana na nani? Inakutana na mimi na wewe. Kwa hiyo hoja ya kwamba wananchi ndiyo waokoaji mimi naikubali yote, ila naiongezea kwamba dereva aliye kwenye foleni naye ni mwananchi na uokoaji wake ni kusogea.

Nisije nikaonekana namlaumu kila anayepiga honi na kuwasha hazadi. Ambulensi ni chache, tunajua, mgonjwa akizidiwa usiku familia inamuweka kwenye teksi, noah au hata kirikuu, wanawasha taa zote na kupiga honi mfululizo. Hao tuwapishe bila kuuliza. Mfumo wa m-mama wenyewe, ule wa kupiga 115 kwa mama mjamzito au mzazi mwenye dharura, pale ambulensi inapokosekana unatumia madereva wa kawaida wa jamii na magari yao, na kazi yao inaonekana. Ningependa siku moja majeruhi wa ajali naye awe na utaratibu wa namna hiyo, dereva aliyefundishwa, anayejulikana, anayelipwa mafuta yake, badala ya kurushwa nyuma ya pikapu shingo inaning'inia. Na kwa kuwa hao madereva hawana king'ora ndiyo sababu nyingine ya kuwavua wasiostahili, ili honi ya mtu mwenye mgonjwa isikike.

Nirudi kwenye lile gumu, misafara. Arusha ni mji wa mikutano, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika iko hapa, wageni wakubwa wanakuja na ni heshima kwetu, hakuna anayepinga wasindikizwe. Wanaostahili msafara kwa mujibu wa taratibu wapewe. Ninachoomba ni kitu kimoja, barabara ikifungwa kwa ajili ya msafara na ikatokea ambulensi au zimamoto yuko kazini, askari aliyesimama pale awe na ruhusa ya kumpitisha bila kuogopa cheo cha mtu. Asianze kupiga redio kuomba kibali juu. Mgeni hata angekuwa rais wa nchi gani, akiambiwa tumesimama dakika mbili kupisha mgonjwa sidhani kama atakasirika. Mwaka 2027 tunapokea AFCON, mashindano ya soka ya Afrika, pamoja na Kenya na Uganda, uwanja unajengwa Olmoti wa watu kama 30,000, fikiria siku ya mechi barabara za kule zitakuwaje, mashabiki, mabasi ya timu, wakubwa na ving'ora vyao, halafu mtu aanguke jukwaani au kibanda cha chakula kiwake. Kama njia ya dharura haijachorwa sasa na watu kufundishwa sasa hatutaweza kuichora siku ya mechi.

LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na viongozi wa vituo vya daladala mna uwezo wa kuanza kesho. Kila dereva anayekuja kuhuisha leseni ya njia aelekezwe namna ya kupisha, dakika kumi zinatosha, na zimamoto waje stendi ya Kilombero na gari lao, lipigwe king'ora, madereva walisikie na walione, wapande hata ndani waone dereva wake anaona nini kwenye vioo. Boda vivyo hivyo kwenye vijiwe vyao, wana viongozi, wana umoja, wakiambiwa na mwenyekiti wao wanasikia kuliko wakiambiwa na mtu wa ofisini. Shule za udereva sisemi sana, kuna mtu anapata cheti hajawahi kufundishwa hata mara moja gari la dharura likija afanye nini.

Na wewe Mhariri nakuomba kitu. Mtume mwandishi wenu akawaulize polisi wa usalama barabarani na jeshi la zimamoto hapa mkoani, mchapishe orodha kamili ya magari gani yanaruhusiwa king'ora na kimulimuli kisheria, rangi gani ni ya nani, na faini ya asiyestahili ni shilingi ngapi. Muichape kubwa, sisi madereva tutaikata na kuibandika ndani ya hiace zetu, juu ya kioo cha mbele, abiria nao waisome wakiwa kwenye foleni.

Dereva wa hiace,
Sombetini, Arusha.